Waya Utulie: kwa mnaoanza kusanifu kwadrupoli za superkondakta

Mwaka wa tatu pale Mlimani nilipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye karakana ya kusuka mota, Gerezani. Nilikwenda na daftari la kanuni za sumakuumeme na shati lililopigwa pasi. Mzee mwenye karakana aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanisogezea stata ya mota ya pampu ya maji iliyoungua.

"Chomoa waya wote, kisha uniambie imekufa na nini."

Nilichomoa mpaka adhuhuri. Nikamwambia mkondo ulizidi. Akacheka kidogo, akaokota kipande cha koili ambacho hakikuungua, akakishika kwa vidole viwili na kukitikisa karibu na sikio langu. Nyaya zikagongana kama punje za mchele ndani ya kopo.

"Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Basi ndicho kilichoiua. Aliyeisuka hakuifunga uzi, na vanishi kapaka juu juu. Waya ukicheza, enameli inalika, nyaya zinagusana, kwisha habari. Mwanangu, waya utulie. Hayo mengine ya daftari yatafuata."

Niliona ananidharau. Miaka kadhaa baadaye nilijikuta kwenye kikundi cha kusanifu sumaku za vichapuzi huko Ulaya, mashine zile zinazozikimbiza chembe karibu na kasi ya mwanga, na kazi niliyolipwa kuifanya ikawa ile ile: waya utulie. Sasa nimerudi Dar, na kuna vijana wachache hukaa nami Jumamosi wakitaka kuingia kwenye kazi hii. Swali lao la kwanza huwa moja: kanuni gani nianze nayo? Nitawapa kanuni, lakini mjue mapema kwamba kuupata uga wa sumaku ni kazi ya siku chache. Kuishika koili isisogee, na kuiokoa ikisogea, ni kazi ya miaka.

Kwadrupoli kwanza. Protoni, chembe zenyewe tunazozikimbiza, zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana, na kila moja ina upotovu wake mdogo wa njia. Ukiziachia zitatawanyika na kugonga ukuta wa bomba. Daipoli, sumaku ya ncha mbili, inapinda njia yao ili zizunguke. Kwadrupoli, ya ncha nne, inazikusanya kama lenzi inavyokusanya mwanga. Ila lenzi hii ina tabia ya ajabu: ikikusanya kwa ulalo, inatawanya kwa wima. Dawa yake ni kuzipanga kwa kupokezana, moja ikusanye huku, inayofuata ikusanye kule, na jumla yake inakuwa kukusanya pande zote mbili. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1952 na Courant, Livingston na Snyder wa Brookhaven, Marekani. Baadaye ikajulikana kwamba Mgiriki mmoja, Nicholas Christofilos, alishalifikia kabla yao. Huyu alikuwa mhandisi kwenye kampuni ya lifti mjini Athens, fizikia akijisomea mwenyewe, na karatasi zake alizopeleka Marekani hazikutiliwa maanani. Mnaosoma usiku baada ya kazi, jina hilo liandikeni mahali.

Kwenye LHC, kichapuzi cha CERN (maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe), ile pete ya kilomita 27 karibu na Geneva, kuna daipoli kuu 1,232 na kwadrupoli kuu 392. Katikati kabisa ya kwadrupoli uga ni sifuri. Ukitoka katikati unapanda sawia na umbali, na kasi hiyo ya kupanda ndiyo gradienti, inayopimwa kwa tesla (kipimo cha uga wa sumaku) kwa mita. Zile za LHC zina tundu la kupitisha protoni la milimita 56 na gradienti ya tesla 223 kwa mita.

Sasa chukueni kalamu, kompyuta iacheni kwanza. Kwa koili iliyokatwa kama kipande cha duara, kila upande wake ukifika digrii 30 kutoka mstari wa katikati, gradienti ni 0.69 mara msongamano wa mkondo kwa ampea kwa milimita mraba, mara logi asilia ya 1 jumlisha unene wa koili uliogawanywa kwa nusu kipenyo cha tundu. Weka namba za LHC: nusu kipenyo milimita 28, unene kama milimita 30, msongamano kama 450 ukihesabu koili nzima pamoja na ngozi yake ya kuhami. Unapata 226. Halisi ni 223. Chuma cha nje kinaongeza kidogo, kabari za ndani zinapunguza kidogo, lakini mstari mmoja wa kalamu umekufikisha mlangoni. Mtu asiyeweza kufanya hesabu hii hana namna ya kujua programu yake inapomdanganya, na programu hudanganya kwa adabu sana, kwa picha za rangi.

Kwa nini 30? Kwa sababu kosa la kwanza ambalo kwadrupoli yenye ulinganifu inaruhusu ni harmoniki ya sita, yaani sehemu ya uga inayojirudia mara sita ukilizunguka tundu, na sini ya digrii 180 ni sifuri. Ukitaka kuua na ya kumi, igawe koili mara mbili: kipande cha kwanza kutoka sifuri hadi digrii 24, acha mwanya, kipande cha pili kutoka 30 hadi 36. Zidisha pembe hizo kwa 6, kisha kwa 10, tafuta sini zake, uone zinavyofutana. Mwanya unajazwa kabari ya shaba. Kwa karatasi ni raha tupu. Kwenye karakana, makosa ya uga yanahesabiwa kwa sehemu moja ya elfu kumi, na waya ukikaa vibaya kwa mikroni 50, ambao ni unene wa unywele mwembamba, kipimo kinakuumbua. Mahali pa waya, tena.

Nisimulie kosa langu la kwanza, maana karibu kila anayeanza hulifanya. Nilipewa kwadrupoli ya mfano yenye tundu la milimita 60 na gradienti ya 190. Nikazidisha 190 kwa 0.03, nikapata tesla 5.7, nikaenda kwenye mchoro wa uwezo wa waya, nikatangaza kwenye kikao kwamba tunatumia asilimia 70 tu na akiba ni asilimia 30. Mama mmoja aliyekaa mwisho wa meza, mhandisi wa miaka mingi, akauliza kwa upole: "Hiyo tesla 5.7 iko wapi?" Nikasema, ukingoni mwa tundu. "Na waya uko wapi?" Nikanyamaza. Waya uko ndani ya koili, na uga ndani ya koili, hasa karibu na ncha, unazidi ule wa ukingoni kwa asilimia 10 hadi 15. Angalieni LHC yenyewe: 223 mara 0.028 ni tesla 6.2, lakini waya unaonja karibu 6.9. Akiba yangu ikanywea palepale. Tangu siku hiyo kila namba ya uga ninayoiandika naiandikia na mahali ilipo.

Akiba hiyo ni ya nini? Superkondakta, yaani waya unaopitisha umeme bila upinzani wowote, anaishi ndani ya kuta tatu: joto, uga na mkondo. Niobiamu-titaniamu, aloi iliyojenga sumaku nyingi za aina hii duniani, hupoteza upinzani wa umeme chini ya kelvini 9.2 pasipo uga. Ukiongeza uga na mkondo, ukuta wa joto unakusogelea. Ndiyo maana LHC inapozwa kwa heliamu mpaka kelvini 1.9, nyuzi 271 chini ya sifuri. Shida ni kwamba kwenye baridi hiyo metali karibu haina uwezo wa kubeba joto. Milijuli chache kwa sentimita ya ujazo zinatosha kuusukuma waya nje ya ukuta. Milijuli moja ni nishati ya punje sita au saba za mchele zinapoanguka kutoka mezani. Waya wenye maelfu ya ampea ukiteleza mikroni chache na kusuguana na jirani yake, joto hilo linapatikana, upinzani unarudi, sehemu hiyo inawaka, inaambukiza jirani. Hiyo ndiyo kwenchi. Nilipoielewa hesabu hiyo nilisikia tena lile kopo la mchele.

Na waya unasukumwa na nani? Na sumaku yenyewe. Uga unabana kama gesi iliyoshindiliwa. Kwadrupoli mpya za LHC iliyoboreshwa, zile zitakazokaa karibu na sehemu protoni zinapogongana, zina tundu la milimita 150, gradienti ya 132, na waya wake unafikia tesla 11.3. Tesla 11.3 ni mgandamizo wa megapaskali 50, kama ule ulioko chini ya bahari kwa kina cha kilomita 5. Nguvu hiyo inaisukuma koili nje, na wakati huohuo inaikimbiza kutoka kwenye ncha kuelekea mstari wa katikati. Ikibanduka kwenye ncha hata kidogo, inapata nafasi ya kucheza. Kwa hiyo tunaibana mapema, kabla ya mkondo wowote, kiasi kwamba hata mkondo ukifika juu kabisa koili bado inaegemea ncha. Mbano huo wa awali ndio moyo wa usanifu wenyewe. Ukiwa mdogo, koili inacheza. Ukizidi, unaharibu ngozi ya kuhami au unaivunja koili.

Hapa ndipo nilipopata kosa langu la pili, na hili liliniuma zaidi kwa sababu lilitoka kwenye fani yangu mwenyewe ya mekanika. Katika mfano wangu wa kompyuta nilikuwa nimeipa koili ugumu wa shaba. Namba zilitoka safi, kola za chuma cha pua, zile fremu zinazoibana koili, zilitoshea, nikapeleka michoro. Tulipopanga vipande kumi vya kebo iliyovishwa utepe wa poliimidi na kuviweka chini ya presi, vikabonyea mno kwa mbano uleule. Koili ya kebo za namna hiyo inakaa kama godoro: mwanzo inakubali upesi, kisha inakaza, na ukiachia haifuati njia iliyojia. Ugumu wake ni kama gigapaskali 10 hivi, wakati chuma ni 200. Kwa mbano niliodhani ninao, nilikuwa na chini ya nusu yake. Bahati nzuri tulikuwa hatujachonga kola. Ushauri wangu: kabla hujaamini mfano wowote, omba ruhusa ya kwenda kwenye presi, shika vipande vile kwa mikono yako, vipime mara tatu, ukiongeza na ukipunguza mbano. Fundi wa presi akikuambia koili "imekataa", usimrekebishe lugha. Muulize imekataa wapi.

Kuhusu zile mpya za tesla 11, niobiamu-titaniamu haifiki huko. Zinatumia niobiamu na bati, zinazoungana kuwa kitu kinachovumilia uga mkubwa zaidi na kinachogeuka superkondakta kwenye kelvini 18. Ila ni kashata. Nasema hivyo kwa sababu kila mtoto wa hapa amewahi kusimama karibu na sufuria ya kashata: ikiwa moto unaitandaza, unaikata utakavyo, ikishapoa ukiipinda inakatika. Kebo husukwa na kuzungushwa kwenye kalibu ikiwa bado laini, niobiamu na bati vikiwa bado havijaungana. Kisha koili nzima inaingia tanuri kwa siku kadhaa, joto likipanda kwa ngazi mpaka zaidi ya nyuzi 650. Inapotoka, imekuwa kashata. Haipindwi tena, na hata kuihamisha kutoka kalibu moja kwenda nyingine ni shughuli. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kushiriki tulikuwa wanne, kila mmoja na kona yake, na hakuna aliyesema neno mpaka ilipokaa. Halafu inavishwa kitambaa cha nyuzi za kioo na kumiminiwa epoksi ndani ya ombwe. Nilimpigia simu mzee wa Gerezani nikamweleza hatua hizo. Akasema, "Kumbe na ninyi mnapaka vanishi."

Kwa kuwa kashata haipendi kupigwa kwa nguvu, sumaku hizo hazibanwi kwa kola za kawaida. Zinafungiwa ndani ya nira ya chuma na ganda la alumini. Vibofu vya chuma chembamba vinasukumiwa maji ya mgandamizo mkubwa, mwanya unafunguka, funguo za chuma zinapenyezwa, vibofu vinaachiwa na kutolewa. Hapo umebana nusu nusu. Kinachobaki kinafanywa na baridi yenyewe. Alumini ikishuka kutoka joto la chumbani hadi kwenye heliamu inanywea zaidi ya milimita 4 kwa kila mita, chuma kinanywea kama 2 tu, kwa hiyo ganda linakumbatia vya ndani kwa nguvu. Ngoma zetu hupashwa moto ili ngozi ikaze. Hii inakazwa na baridi. Mkipata nafasi ya kujifunza jambo moja tu la mekanika kwa undani, chagueni hili la kunywea kwa vitu tofauti. Wahitimu wengi wa umeme hawalijui kabisa, na ni humo nafasi za kazi zinapatikana.

Hata ukifanya yote hayo, sumaku mpya itakwenchi. Inapelekwa mazoezini kama bondia: unapandisha mkondo, inakwenchi, unaipoza, unapandisha tena, inafika juu kidogo kuliko jana. Epoksi inapasuka hapa, waya unakaa sawa pale, mpaka inatulia. Usiaibike sumaku yako ikikwenchi mara kadhaa mwanzoni. Aibika ikiwa inakwenchi mahali palepale bila kupanda, maana hapo kuna kitu umekosea.

Kwenchi yenyewe ni jambo la kupangiwa tangu siku ya kwanza ya usanifu. Moja ya hizo kwadrupoli mpya, ile ndefu ya mita 7, inabeba karibu megajuli 8. Hiyo ni nishati ya semitrela la tani 20 likikimbia kilomita 100 kwa saa Barabara ya Morogoro. Sehemu ndogo ikianza kuwaka peke yake, nishati yote hiyo inataka kuishia pale, na waya unayeyuka. Kwa hiyo tunafanya kinyume cha silika: mara vipimo vinapoona volti isiyo ya kawaida, tunaiwasha koili nzima kwa makusudi, kwa hita zilizobandikwa juu yake au kwa kuutikisa mkondo wake, ili joto ligawanywe kote na hakuna mahali panapovuka kama kelvini 350. Shaba iliyomo ndani ya waya ndiyo inayobeba mkondo wakati huo. Mtu wa uga atakuambia shaba inakula nafasi. Usimsikilize mpaka mtu wa ulinzi amalize hesabu zake.

Sasa niwape visa viwili vya kuweka karibu, vyote viko wazi kwa umma. Septemba 19, 2008, siku chache baada ya LHC kuwashwa kwa shangwe, kiungo kimoja cha umeme kati ya daipoli na kwadrupoli kilifunguka kwa cheche. Mkondo ulikuwa ampea 8,700. Upinzani wa kiungo kile ulikadiriwa kama nanoomu 200, wakati kizuri kina chini ya nanoomu moja. Kokotoeni: mkondo mara mkondo mara upinzani. Ni wati 15. Taa ya chumbani. Joto la taa moja likaanzisha kilichotoboa chombo, tani kama 6 za heliamu zikavuja, sumaku zaidi ya 50 zikatolewa kwenda kukarabatiwa au kubadilishwa, na mashine ikarudi kazini Novemba 2009. Koili hazikuwa na kosa. Kiungo cha nje ndicho hakikuangaliwa kwa ukali uleule wa koili.

Kisa cha pili ni cha Machi 2007. Kwadrupoli za karibu na sehemu ya kugongana zilikuwa zikijaribiwa kwa mgandamizo, kishindo kikasikika, nguzo za kuishika sumaku ndani ya chombo chake zikawa zimevunjika. Hakukuwa na uga wala kwenchi. Gesi ilisukuma upande mmoja kuliko mwingine, kwa urefu wa sumaku, na nguvu hiyo ya kutolingana haikuwa imehesabiwa kwenye usanifu wala kwenye vikao vya ukaguzi vilivyofuata. Ni mchoro wa mishale wa kidato cha tano. Mimi huuchora kila ninapoanza kazi mpya, sumaku ikiwa kisanduku tu, na mishale yote inayoweza kuigusa: uzito, mgandamizo, kunywea, kusafirishwa kwa lori. Wenzangu hunicheka. Nauchora.

Vifaa havinichukui muda. FEMM ni programu ya bure ya kukokotoa uga, inatosha kabisa kwa sumaku ya vipimo viwili (2D) na inakwenda hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Jifunzeni Python muiendeshe kwa msimbo, maana kubofya kwa mkono mara mia mbili ni kujitesa. ROXIE, iliyotengenezwa CERN, mtakutana nayo mkishaingia kwenye kikundi. Hesabu ndefu ziachieni usiku, lakini ziandikwe kwenye diski kila hatua. Mimi nimepoteza saa tisa za kazi kwa umeme uliokatika saa kumi alfajiri, na hakuna wa kumlaumu ila mimi niliyeacha LUKU ifike sifuri.

Milango iko. Shule ya Kiafrika ya Fizikia, inayojulikana kwa kifupi cha ASP, ilianza 2010 Afrika Kusini na imekuwa ikihamahama nchi hadi nchi barani. CERN ina programu ya wanafunzi wa majira ya joto inayopokea pia wanaotoka nchi zisizo wanachama. JUAS, pale Archamps, Ufaransa, inafundisha vichapuzi kwa wanafunzi wa vyuo. Katika barua ya maombi usiandike kwamba unapenda sayansi tangu utotoni. Andika kitu ulichokisuka, kikaharibika, na ukajua kwa nini. Na msidhani kazi hii iko mbali nasi kabisa: mashine nyingi za MRI za hospitalini zina koili ya niobiamu-titaniamu ndani ya heliamu, na heliamu yenyewe ilitangazwa kugunduliwa bonde la Rukwa mwaka 2016. Anayejua kuituliza koili ana kazi hapahapa pia.

Jumamosi ijayo, au hata leo, sukeni ya kwenu. Waya wa kusukia mota wa nusu milimita unauzwa kwa kilo Kariakoo. Kata vipande vinne vya bomba la PVC la inchi 2, kila kimoja mizunguko 50, na baada ya kuzungusha ukifunge uzi kisawasawa kabla ya kitu kingine chochote. Vibandike kwenye ubao wa plaiwudi kwenye pembe nne za mraba, midomo ikitazama katikati, kila mdomo sentimita 10 kutoka katikati. Viunge kwa mfululizo, mikondo ikipishana: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Simu nyingi zina kipima sumaku ndani; tafuteni kwanza kimekaa kona gani ya simu kwa kupitisha pini yenye sumaku juu yake taratibu. Chora mstari unaopita katikati ya ubao, kwenye uwazi ulio kati ya koili, weka alama kila sentimita. Soma bila mkondo, maana dunia nayo ina sumaku yake, kisha soma ukiwa na mkondo, toa moja kwa nyingine kwa kila mhimili. Katikati mtapata karibu sifuri. Mkisogea, namba itapanda hatua kwa hatua, na ikianza kwenda kombo mjue mmezikaribia koili.

Betri ya bodaboda ya volti 12 inatosha. Itatoa ampea kama 4, ambazo kwenye waya huo ni kama ampea 20 kwa milimita mraba. Za LHC zinabeba 450 kwa koili nzima, kwa miezi, bila joto. Zenu zitaanza kunuka baada ya muda mfupi tu. Za kwangu za mwanzo zililainisha bomba, zikalala upande. Washeni kwa sekunde tano, someni, zimeni, ziacheni zipoe.